Jeneza Langu la Mwaka wa Fedha

Mimi shule sikuisoma sana. Niliishia darasa la nne, Malolo, baba akasema vitunguu havisubiri kengele. Kwa hiyo msomaji akikuta nimekosea kuandika, anivumilie. Akikuta nimemsema mtu vibaya asinivumilie, maana hapo sikukosea. Watu wenyewe nitawaita kwa vyeo vyao. Majina yao ninayo, nayajua mpaka ya babu zao, lakini hii karatasi nimeinunua kwa hela ya vitunguu na sitaki kuichafua.

Nilikuwa mtumishi wa barabara. Si kibarua wa kuokotwa asubuhi na kutupwa jioni, la, mtumishi wa kudumu, mwenye likizo, mwenye nauli ya likizo, mwenye kutibiwa. Genge letu lilifukia mashimo na kuzibua makalavati kutoka Mikumi hadi Kilosa na vijinjia vyote vya pembeni ambavyo mvua ikinyesha vinageuka mto. Mimi ni mrefu. Milango mingi ya wilaya ile inalijua paji langu la uso. Wapima barabara wakija walikuwa wananipa fito nishike, wananiambia, "Wewe simama pale kwenye bonde, tutakuona tu." Urefu huu uushike akilini, una kazi mbele.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikashuka kwa marobota, malori ya kila rangi yakapita Mikumi kwenda Zambia. Mkonge wa Rudewa ulikuwa umeshageuka pori la ngiri. Na serikali ikaambiwa na wanaoikopesha kwamba imenenepa, ipungue. Sasa serikali yetu ikiambiwa ipungue haipunguzi tumbo. Inakata vidole vya miguu. Sisi ndio tulikuwa vidole.

Kule ofisini kwetu Kilosa kila mwaka kabla ya Juni walikuwa wanakaa kupanga bajeti ya watumishi. Nani yupo, nani analipwa nini, nani anakwenda likizo, nani anastaafu apewe gari la kumpeleka kwao na vyombo vyake. Na kulikuwa na kasma ya mazishi. Kasma ni kama kifuko cha kazi moja: hela ya likizo haizikii mtu, na hela ya kuzikia haiendi likizo. Mtumishi akifa alikuwa na haki ya jeneza, sanda, na lori la kumfikisha kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa stahili yetu nzuri kuliko zote. Ukiwa hai unakopwa, ukifa unalipwa taslimu.

Lakini kupanga bajeti ya mazishi maana yake nini? Maana yake watu wazima wanakaa mezani, wana soda na posho ya kikao, wanakisia mwaka ujao watakufa wangapi. Na kwa kuwa hawakuwa watu wa kukisia ovyo, walikisia kwa majina.

Miaka ile watu walikuwa wanaisha. Ule ugonjwa hatukuutaja, tulisema fulani kakanyaga waya. Ukikonda tu umekanyaga waya, hata kama umekonda kwa njaa. Mimi nilianza kukohoa wakati wa kiangazi, tukachoma lami nikakohoa, tukaacha kuchoma nikakohoa, mpaka nikakohoa damu. Zahanati ya Mikumi ikaniandikia niende hospitali ya misheni kule Berega. Nikawekwa wodi ya kifua. Wauguzi wale Mungu awape maisha. Sindano kila siku, uji kila siku, sala kila siku. Nilikuwa nimebaki mifupa na urefu.

Sasa nimtaje mtani wangu. Ofisi ilikuwa na karakana pale Kilosa, na seremala wake alikuwa mtu wa milima ya Berega, mfupi, mnene, kama kinu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Asiyejua utani wa huku asikilize: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako na humfanyi kitu. Kwenye msiba wako ndiye anayetawala. Anavaa nguo zako, anamuigiza marehemu anavyokohoa, anaweza kulala mlangoni jeneza lisitoke mpaka wafiwa wamtupie chochote. Ukishamtupia, anaamka. Hiyo ni sheria. Kila neno la mtani ni mzaha, na mzaha hauna kesi.

Masika yalikuwa yanaelekea kuisha alipokuja wodini. Alikuwa likizo kwao. Kashika machungwa kwenye kikapu na shingoni kaning'iniza futi ya kamba ya mafundi cherehani.

"Mtani!" akapaza sauti toka mlangoni. "Bado unapumua hewa ya serikali?"

"Napumua yako, mwizi wewe. Futi ya nini?"

"Nimekuja kukupima jeneza. Mbao zimepanda bei, soko huria hili. Nikikosea nitalazimika kukukata miguu."

Wodi nzima ikacheka. Watu waliokuwa hawajacheka tangu wafike walicheka mpaka wakakohoa. Akanyoosha ile futi kutoka utosini kwangu, ikaisha kabla mimi sijaisha. Akaweka kidole kwenye goti, akaanza upya.

"Huyu Mungu alipomaliza alisahau kukata!" akasema.

"Ongeza nafasi ya kofia," nikamwambia. "Na mabaki ya mbao ujitengenezee la kwako, kinu wewe. Yanatosha."

Muuguzi akaja kumfukuza, naye anacheka. Mtani akaniwekea machungwa chini ya kitanda. Alipofika mlangoni akageuka akanitazama, akaacha kunitania. Nikadhani ananihurumia. Nikala machungwa.

Nikapona. Sijui niseme nini zaidi, nilipona tu. Kufika mwanzo wa Julai daktari akasema naweza kwenda, dawa nyingine nitazimezea nyumbani. Nikapanda gari mpaka Dumila, nikapata lori mpaka Kilosa, nikasema nipitie karakana niripoti kwamba mtumishi wenu amerudi.

Mlinzi wa geti aliponiona akasimama, akakaa, akasimama tena. Mtani alikuwa anapiga randa. Akaniona. Randa ikasimama.

"Mtani," akasema, "mbona hujafa? Umeniharibia kazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mtani asiyecheka ni kitu cha kutisha kuliko jeneza, na jeneza lenyewe lilikuwa stoo, akanishika mkono akanipeleka. Mninga mtupu. Mishikio ya chuma. Refu hilo, limelazwa kwa mshazari kwa sababu stoo ilikuwa fupi.

"Hilo hapo," akasema. "La kwako. Nimeacha na nafasi ya kofia."

Akanieleza tukiwa tumelikalia. Afisa utumishi alimwita kabla hajaenda likizo. Akamuuliza, yule mtani wako anaendeleaje huko? Akajibu, amekonda. Afisa utumishi akasema, mwaka wa fedha unaisha Juni, kasma ya mazishi imebaki na hela, na hela isiyotumika inarudi juu, na ikirudi mwaka kesho tutapewa pungufu. Mpime kabisa. Mkaguzi wa hesabu akija akute mbao zimenunuliwa, jeneza lipo, mtu yupo karibu.

"Nikamwambia mzee, na asipokufa?" mtani akasema. "Akanijibu, wewe ni seremala au ni nabii?"

"Na ukanipima."

"Nilikuambia nakupima jeneza. Sikukuficha neno. Ungetaka nikuambie vipi?"

Kweli hakunificha. Ndiyo maana mpaka leo sijui kama nimlaumu.

Lakini jeneza lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa ofisini. Nilimkuta afisa utumishi na mweka hazina wamekaa pamoja wanakunywa chai. Hawa ndio wahalifu wangu, wawili, wala sihitaji wa tatu. Afisa utumishi alikuwa na sauti ya upole kama ya mtu anayesoma Injili. Mweka hazina alikuwa na mpwa wake katika genge letu, kijana aliyeingia nyuma yetu sote, koleo analishika kama anashika nyoka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," akasema afisa utumishi. Akaangalia miguu yangu kama anahakikisha inagusa sakafu. "Umetoka Berega?"

"Nimepona, mzee. Ilikuwa kifua."

"Kifua," akasema, kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto. "Tunamshukuru Mungu. Sasa kuna tatizo. Tatizo si wewe. Tatizo ni bajeti. Imeshapita, na jina lako halimo."

"Nimepunguzwa kazi?"

"Hapana, hapana. Hujapunguzwa. Waliopunguzwa wana kiinua mgongo na gari la kuwarudisha kwao. Wewe ulikuwa upande mwingine. Kuna wale tunaowapunguza, na kuna wale wanaopungua wenyewe."

Ndugu msomaji, hebu lirudie hilo. Wanaopungua wenyewe. Waliambiwa wapunguze idadi. Kumpunguza mtu aliye hai kuna gharama, lazima umlipe. Anayekufa gharama yake ni mbao na dizeli. Kwa hiyo kila mgonjwa ilikuwa ni faida. Na kijana wa mwisho kuingia, ambaye ndiye angetolewa kwanza kwa utaratibu wowote wa haki, yule mpwa, alibaki kwa sababu mimi nilitazamiwa kuondoka bila kuombwa.

Nikamwambia, "Mzee, mimi sijapungua. Nimeongezeka. Niliingia Berega na kilo za mbuzi, nimetoka na kilo za mtu."

Mweka hazina akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Anachekesha huyu!" Akaifyonza ile ya kwenye sahani.

"Subiri bajeti ijayo," akasema afisa utumishi. "Mwaka ni kitu gani? Ukitulia, tutakuingiza. Nafasi yako mimi mwenyewe nitaisimamia. Ila nina ombi. Lile sanduku kule stoo."

Hakusema jeneza. Alisema sanduku.

"Wakaguzi wanakuja," akaendelea. "Jeneza bila marehemu ni hoja ya ukaguzi. Lichukue nyumbani. Ni stahili yako, hakuna atakayekudai. Na lori lipo, dizeli ya kukusafirisha ilishatolewa."

Nikakubali. Sijui ulitaka nifanye nini. Nilikuwa na mke na watoto Mikumi, na mwaka mmoja wa kusubiri, na kitu kimoja tu nilichokitaka duniani: kurudi kwenye ile bajeti, mwezi uishe nilipwe, nikiugua nitibiwe, nikizeeka nipewe gari la kunirudisha Malolo na kitanda changu. Nikapanda lori mbele na dereva, jeneza langu likapanda nyuma.

Barabara tuliyopita nilikuwa nimeifukia mashimo yake mimi. Kila tulipotumbukia dereva alikuwa anasema, "Hapa palikuwa pako."

Mikumi tulifika mchana, watu wanatoka sokoni. Mke wangu aliona lori la ofisi limegeuka kuja kwetu na jeneza juu. Urefu wa lile jeneza ulimtosha, hakuuliza. Akaanguka. Majirani wakapokea kilio, mama mmoja akavua kilemba akajifunga kiunoni. Mimi nikafungua mlango wa lori nikashuka.

Wengine walikimbia. Mke wangu alinyanyuka akaja, akanipiga makofi mawili, kushoto na kulia, kisha akanikumbatia. "Umekuja na nini?" akaniuliza. "Mshahara wako uko wapi?"

Nikamwonyesha nyuma ya lori.

Tangu siku ile jina langu Mikumi ni Marehemu. Watoto wadogo wananisalimu, "Shikamoo Marehemu," naitikia marahaba. Mke wangu alikataa lile jeneza lisiingie ndani, tukaliweka jikoni nje. Baadaye akaona ni mninga mzuri, panya hawaupenyi, akahifadhi mahindi. Tukala mahindi ya jenezani mwaka mzima. Mimi nikaanza kuuza vitunguu vya Malolo barabarani, nakimbizana na malori pamoja na watoto wa watu, mtumishi wa kudumu mzima. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Kilosa kumkumbusha afisa utumishi. "Nimekuweka," anasema. "Umo. Tulia tu." Nilikuwa natulia kama ile maiti niliyopangiwa kuwa.

Basi masika ya mwaka uliofuata, kabla tu ya kikao cha kupitisha bajeti, lori la ofisi likaja Mikumi. Dereva yule yule. Akashuka polepole akavua kofia.

"Mtani wako amekufa," akasema. "Jana. Alianguka na mbao mkononi."

Nikakaa chini kwenye gunia la vitunguu. Dereva hakuniacha nikae.

"Afisa utumishi kanituma. Kasma ya mazishi imeisha. Mwaka huu wamekufa wengi kuliko waliopangwa." Alisema hivyo hivyo, kuliko waliopangwa. "Na wa kutengeneza jeneza ndiye mwenyewe amelala. Wanaomba lile. Wamesema nikuambie kikao ni wiki hii."

Unaona ujanja? Kikao ni wiki hii. Waliniwekea mezani pamoja: toa jeneza, tunakuingiza. Na mke wangu aliuona haraka kuliko mimi. Akaniita pembeni.

"Usitoe," akasema. "Baba nanihii, nisikilize. Kwanza wakuandike, uone wamekuandika, ndipo utoe. Mara moja katika maisha yako una kitu wanachokitaka."

"Aliyelala ni mtani wangu."

"Aliyelala hana haraka. Wao ndio wana haraka. Waache waje wenyewe hapa na ile bajeti yao."

Alikuwa sawa. Mpaka leo, tukigombana, ananikumbusha alikuwa sawa. Lakini mjane wa mtani alikuwa amekaa Kilosa na maiti ndani, joto lile la masika, na alikuwa anataka kumfikisha mumewe milimani. Wakubwa wale walijua mimi si mtu wa kumwacha mtani afungwe kwenye mkeka huku jeneza alilolichonga mwenyewe lina mahindi. Hivyo ndivyo wanavyokushinda. Wanategemea utu wako, wa kwao hawana.

Nikamwaga mahindi kwenye turubai. Nikaenda nalo.

Tulizika huko juu, karibu na kwao Berega, makaburi ya kanisa. Mtani alipotea ndani ya jeneza langu. Akinyanyuliwa kichwa anateleza mpaka miguuni, akinyanyuliwa miguu anateleza mpaka kichwani. Wakasokota blanketi zake na koti lake la Jumapili, wakajaza sehemu zilizobaki. Nikasema kwa sauti, "Nilikuambia mabaki yanakutosha, kinu wewe, ukajichukulia lote!" Watu wakacheka na kulia. Hiyo ilikuwa kazi yangu pale, na niliifanya.

Kisha afisa utumishi akasimama kutoa salamu za ofisi. Mweka hazina alikuwa pembeni yake, suti nyeusi, kitambaa cheupe mfukoni. Sauti ya Injili ikatoka:

"Ofisi imeguswa sana. Pamoja na ufinyu wa bajeti, ofisi imehakikisha mtumishi wake anapumzika kwa heshima. Jeneza hili la mninga, ndugu wafiwa, limegharamiwa na ofisi."

Mjane akainama kushukuru. Mimi nikaenda nikalala juu ya jeneza.

Nilikuwa na haki. Mimi ni mtani. Nikalala kifudifudi, miguu yangu ikafika mwisho wa mbao sawasawa, kila mtu akaona lilivyonienea.

"Halitoki!" nikasema. "Mwenyewe ni mimi! Hili jeneza walinitengenezea mwaka jana nikiwa wodini pale misheni, mzima! Walinipanga nife kabla ya Juni ili hela isirudi! Nilipokataa kufa wakanifukuza kazi, nafasi akabaki nayo mpwa wa huyu hapa mwenye kitambaa! Na mwaka huu watalipia tena jeneza hili hili, mtaona! Wanasema wamegharamia, wamegharamia nini? Hata mahindi yaliyomo kwenye pembe ni yangu!"

Nilisema yote. Kwa utaratibu, kwa vyeo, mbele ya mchungaji na wazee na wanafunzi wa shule. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani mwangu, wala sitasema tena.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee waligonga fimbo chini. "Watani hawa!" wakasema. "Eti walimpangia kufa! Eti mahindi!" Mama mmoja alikaa chini kabisa. Kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kucheka, na mimi nikapandisha sauti, na wao wakaipokea kama kiitikio. Na aliyecheka kuliko wote, kichwa nyuma, meno yote nje, alikuwa afisa utumishi.

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa noti, nyekundu, kubwa, mpya. Akainyanyua wote waione.

"Mtani," akasema, "umetushinda. Chukua, utupishe tukazike."

Akairusha, ikatua mgongoni kwangu. Umati ukashangilia.

Nilikuambia sheria. Mtani akishatupiwa, anaamka. Ningebaki pale ningekuwa si mtani tena, ningekuwa kichaa aliyelalia maiti ya mtu. Mjane alikuwa ananitazama, anatabasamu na machozi, anangoja. Nikaamka. Noti nikampa yeye. Tukazika.

Kikao kilikaa wiki ile ile. Sikuwamo. Nilipokwenda Kilosa kuuliza, afisa utumishi hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Ulituchekesha sana kule," akasema. "Ila unajua, baadhi ya wajumbe walikuwepo, wakaona mtu wa namna ile ofisini si vizuri. Mimi nilijua ni utani. Nimekutetea." Nikamuuliza kama jeneza limelipiwa mara ya pili. Akasema hayo ni mambo ya mweka hazina. Nikaenda kwa mweka hazina. Akasema hayo ni mambo ya utumishi. Mpwa wake alikuwa nje, amepewa kofia ya usimamizi wa genge, anawaelekeza wenzake shimo liko wapi. Alikuwa amelisimamia.

Sikurudi tena kuomba. Sikulipwa kiinua mgongo kwa kuwa sikupunguzwa, sikulipwa mirathi kwa kuwa sikufa. Nimelea watoto kwa vitunguu, mmoja nimempeleka mpaka sekondari. Kifua hakijarudi.

Mweka hazina alikufa zamani, sikupata habari mapema. Za msiba wa afisa utumishi nilizipata. Alikuwa ameshastaafu, amejenga pale Kilosa, uzio na geti. Nikavaa shati safi nikapanda basi. Nilikaa na wanaume nje, nikanywa chai ya msiba, nikasubiri jeneza litoke. Lilikuwa zuri, la dukani, la kung'aa. Nikasimama, nikawauliza wanawe kwa heshima, shikamoo zote zikiwa mahali pake: hili limetoka kasma gani, na alipimwa akiwa hai au baadaye?

Hakuna aliyecheka. Ukoo wao na wetu si watani. Nilisikia kuku wanaparura nyuma ya nyumba. Kijana wake mkubwa akanishika mkono wa shati, akaniuliza, "Mzee, wewe nani?"

"Mimi ni mmoja wa waliopungua wenyewe," nikamwambia.

Wakanitoa mpaka getini, taratibu, bila kunipiga. Nikapita stendi nikanunua ndizi za njiani, nikarudi Mikumi. Mke wangu aliniuliza msiba ulikuwaje. Nikamwambia safari hii walinisikia.